Upana wa Njia ya Kigwasi

Mastura huamka alfajiri. Husali, kisha huwasha moto na kupika vitumbua. Kukipambazuka, mkwewe Najat huvipanga kwenye ungo na kuutoa barazani. Watoto wa shule hupita na kununua. Mtoto asiye na kitu mkononi naye hupewa kimoja, na Najat hageuki kutazama kama kuna anayemwona.

Kijiji chao ni Kigwasi, upande wa Pangani, njia ya kwendea Ushongo. Nyumba zimekaribiana. Ukikaanga samaki, jirani anajua ni samaki gani. Baraza la Mastura ni la saruji, refu, nalo limetokeza hadi njiani. Mumewe, Mzee Mwinyijuma, alilijenga kwa mikono yake mwaka aliozaliwa mwana wao Rahimu.

Mzee Mwinyijuma ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitwa mtu alipotaka kujenga. Hakuwa na utepe wa kupimia. Alikuwa na kipimo alichoachiwa na baba yake, nacho ni jeneza. Aliwasimamisha wanaume wanne, wawili mbele na wawili nyuma, kama watu waliobeba jeneza mabegani. Wakipita bila kugusa ukuta wala ua, alisema, "Njia inatosha. Jenga." Ndivyo njia za Kigwasi zilivyopatikana. Hakuna maiti aliyewahi kukwama akipelekwa makaburini, na watu walimheshimu mzee kwa hilo.

Mwaka uliopita lilitokea jambo zito. Najat alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi moja alianza kutokwa na damu. Rahimu, mumewe, alipiga simu kituo cha afya, na gari la wagonjwa likaja bila kuchelewa. Lakini halikuweza kuingia. Mwanzoni mwa njia palikuwa na kenta ya samaki imeegeshwa, na dereva wake yuko pwani anapakia. Alipopatikana na kuiondoa, ikaonekana kwamba gari la wagonjwa lenyewe haliwezi kupinda kwenye kona. Wakamtoa Najat juu ya kitanda cha kamba. Kwenye kona mbili kitanda kilikwama, ikabidi wakiinamishe, naye amekishika kwa mikono miwili. Jirani mmoja alivua kanga yake akawa anamkingia jua, huku akikimbia kando ya kitanda.

Najat alipona. Mtoto hakupona.

Watu wa Kigwasi walikuja kutoa pole. Walileta unga, sukari na kuni. Walisema ni kadari ya Mungu, nao walisema kweli. Lakini hakuna aliyeitaja njia.

Sasa Najat ana mimba tena, ya miezi mitano. Siku moja Mastura alimkuta amesimama kwenye ile kona ya kwanza, anahesabu hatua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Alimshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja.

Mwezi huohuo mtendaji wa kijiji, Asheri, alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Nyuma ya kijiji kuna mashamba ya minazi ya koo tatu. Minazi imezeeka, na wenyewe wanataka kuyagawa mashamba yawe viwanja vya nyumba. Mchoro wa kwanza ulionyesha viwanja arobaini. Wilaya ilitaka kwanza kusikia maoni ya halmashauri ya kijiji. Na njia ya kufikia viwanja hivyo ilikuwa moja tu, ile inayopita mbele ya nyumba ya Mastura.

Mzee hakuona tatizo. Walipokuwa wakila mchana, alimwambia mkewe kwamba wajumbe watakubali, na yeye atakwenda kupima njia kama kawaida.

Mastura alirudisha tonge kwenye sahani. "Baba Rahimu, nyumba arobaini zikijengwa huko nyuma, wenyewe watapita wapi?"

"Hapahapa. Kwani sisi hatupiti?"

"Sisi tunapita kwa miguu. Na Najat je, siku yake ikifika?"

Mzee alinawa mikono akatoka nje. Hakuwa amekasirika.

Siku tatu baadaye alikuja afisa mipango wa wilaya. Jina lake Consolata, binti wa wakulima wa Lushoto. Alizunguka kijiji kizima pamoja na Asheri, jua likiwa kali. Walipofika kwa Mastura, Consolata alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba aelezwe jinsi njia za hapa zilivyopimwa.

Mzee alimweleza habari ya jeneza na wale wanaume wanne. Consolata alisikiliza hadi mwisho, na hakutabasamu. Kisha alifungua utepe wake, Asheri akashika ncha ya pili. Kutoka kwenye baraza hadi ukuta wa jirani zilikuwa mita mbili na nusu. Kwenye kona hazikufika hata hizo.

"Ni kipimo cha heshima, babu," alisema. "Hamjamdhalilisha maiti wenu hata mmoja. Naomba kuuliza neno moja tu. Gari la wagonjwa linapita hapa?"

Mzee alitazama chini. Asheri alianza kukunja utepe taratibu.

"Halipiti," alisema Najat. Alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nilipitishwa kwa kitanda."

Tangu siku ile hakuwa ameitaja mbele ya baba mkwe wake. Mastura alimwita akae karibu naye, akampa maji.

Consolata alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye nyumbani kwa wafiwa.

"Watu wengi wakiulizwa maoni hudhani kazi yao ni kusema ndiyo au hapana. Sivyo. Halmashauri yenu inaweza kusema: tunakubali, lakini kwanza tunataka hiki na hiki."

Akawaeleza. Wanaweza kutaka njia ipanuliwe kabla ya kiwanja chochote kujengwa, na pande zake zisijengwe tena. Wanaweza kutaka pawe na mahali maalumu pa kuegesha magari. Maoni yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, maana maneno ya mdomo hayafiki wilayani. Kisha yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Huko kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kusema, mwanamume na mwanamke. Na wakati wa kutenga njia ni sasa, kabla ya kujenga. Leo huko mashambani kinachosogezwa ni kigingi. Nyumba ikishasimama, kuisogeza ni kumtia mtu hasara na uchungu.

Mastura aliuliza habari za magari ya samaki. Je, si afadhali yakatazwe kabisa kusimama mwanzoni mwa njia?

"Mama, dereva ukimkataza bila kumwonyesha mahali pengine, ukigeuka tu anarudi palepale. Naye anatafuta riziki. Mpeni mahali, kisha mkatazeni."

Halmashauri ilikaa na kuandika maoni yake. Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, Mastura alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wanawake waje, hata wale ambao hawajawahi kuhudhuria. Baadhi walisema hawajui kusema mbele za watu. Aliwaambia waje tu wainue mikono.

Mkutano ulifanyika shuleni. Madawati yalijaa, wengine wakasimama madirishani. Asheri alisoma maoni ya halmashauri polepole, na kila aliposoma jambo alingoja watu walielewe. Njia iwe na mita sita, kutoka barabara kubwa hadi kwenye viwanja vipya. Eneo tupu la kijiji karibu na soko la samaki liwe la kuegesha magari. Mtu yeyote asijenge kwenye viwanja vipya mpaka njia iwe wazi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Uweso, dereva wa kenta ya samaki. "Mimi sipingi. Lakini kutoka huko hadi pwani ni mbali, na barafu yangu inayeyuka. Mnataka mzigo niubebe kichwani kama ndoo?"

Watu walicheka. Mwanamke mmoja wa nyuma alimwambia kwamba yeye hubeba ndoo yenyewe umbali mara mbili ya huo, kila siku, na mtoto mgongoni. Uweso aliketi akitabasamu. Akasema basi, atanunua mkokoteni.

Kisha akasimama Mudathir, mmoja wa wenye mashamba. Huyu hakutabasamu.

"Mnatuambia tukate ardhi ya baba zetu iwe njia. Sawa. Na mjumbe wenu mwenyewe, Mzee Mwinyijuma? Baraza lake limekaa wapi, si njiani?"

Rahimu alitaka kumjibu, lakini baba yake alimshika bega na kusimama.

"Mudathir amesema kweli," alisema mzee. "Limekaa njiani. Nimepima njia za kijiji hiki zaidi ya miaka thelathini. Niliipima siku moja tu ya mwanadamu, ile ya mwisho. Siku zake nyingine sikuzipima. Siku anayokuja duniani sikuipima." Akageuka alikoketi Najat. "Mkwe wangu alipita kwenye njia niliyoipima mimi. Namwomba radhi mbele yenu nyote. Baraza litavunjwa."

Najat alijifunika uso kwa mtandio. Mastura alimwekea mkono mgongoni, na hakuuondoa mpaka mkutano ulipokwisha.

Mudathir alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga mkono. Si wote waliokubali. Wenye nyumba mbili za mawe walisema kuta zao haziwezi kuvunjwa. Walizungumza sana juu ya hilo. Mwishowe majirani wa upande wa pili, ambao wana ua wa makuti tu, walikubali kuusogeza ndani, na njia ikapindishwa kidogo hapo. Asheri aliandika yote, majina na mipaka, na wahusika wakatia saini. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Karatasi moja ilibaki kijijini, nyingine ilipelekwa wilayani.

Kazi ilianza Jumamosi. Najat alikuwa na mimba ya miezi saba. Mzee Mwinyijuma alilipiga baraza lake pigo la kwanza, kisha akaegemea ukuta. Uweso alikuwa amekuja mapema kuliko wote, na sururu yake begani. Alimwambia, "Pumzika, mzee wangu," akaendelea yeye. Alifanya kazi hadi adhuhuri.

Mastura alimpelekea chai. Alikuwa na jambo moja moyoni. Tangu mwaka uliopita, kila Ijumaa, walikuwa wakikuta samaki wawili wabichi kwenye kikapu nje ya mlango. Hakuna aliyebisha hodi. Mastura alijua samaki hao wametoka kwa nani, na alijua ni kwa sababu ya ile kenta iliyoziba njia.

"Uweso mwanangu," alimwambia, "kuanzia sasa Ijumaa usiache kikapu mlangoni. Piga hodi uingie, tule pamoja. Hakuna anayekuchukia humu ndani."

Uweso alikishika kikombe kwa mikono miwili. Aliinama akasema, "Ahsante, mama." Chai ilipoa kabla hajainywa.

Ilichukua wiki sita. Makuti yalisogezwa, kona zikakatwa, vifusi vikashindiliwa kwenye mashimo. Vitumbua vya Mastura sasa vinauzwa uani, na watoto wameshajua pa kuingilia. Huko mashambani bado hakuna nyumba hata moja. Kuna vigingi, na katikati ya vigingi kuna njia.

Mwezi wa tisa wa mimba, Najat alishikwa na uchungu saa tatu asubuhi. Rahimu alipiga simu. Hakukuwa na kitu mwanzoni mwa njia. Kenta za samaki zilikuwa zimepangwa kwenye eneo la kuegesha, na Uweso alikuwa pwani na mkokoteni. Gari la wagonjwa lilikuja hadi mlangoni. Najat alitoka kwa miguu yake, Mastura amemshika kiwiko, akapanda. Majirani walisimama pande zote mbili mpaka gari lilipopinda na kutoka.

Alijifungua jioni ile. Mtoto wa kike, mzima.

Siku ya tatu waliletwa na gari. Mzee Mwinyijuma alilisikia likija, akatoka nje bila viatu. Dereva alitaka kusimama mbali kidogo, kwa kuogopa kugusa ukuta. Mzee alisimama katikati ya njia, akamwonyesha kwa mikono yote miwili.

"Njoo," alisema. "Njoo tu, baba. Nafasi ipo."