Mawe Yaliyochanganywa

Kila asubuhi wakati wa likizo, Chiriku alimfuata shangazi yake kazini. Jina hilo la utani alilipata kwa kusema mfululizo tangu anapoamka mpaka usingizi umchukue. Shangazi alikuwa mjiolojia. Alitafuta shaba na zinki zilizozikwa chini kabisa, mahali pasipo na dalili yoyote juu ya ardhi. Mashine ya kuchoronga ilitoboa mwamba na kutoa vipande vya mawe vya mviringo kama mchi. Vilipangwa kwenye trei za mbao ndani ya banda la mabati, kila trei imeandikwa ubavuni kina mawe yalikotoka. Chiriku aliviosha kwa brashi. Sharti lilikuwa moja tu: asihamishe trei peke yake.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Trei aliyoitaka ilikuwa chini ya nyingine tano. Badala ya kumwita mtu, aliivuta. Rundo zima likaporomoka, mawe yakatawanyika sakafuni. Akatupa jicho mlangoni; kwa ngurumo za mashine, hakuna aliyesikia. Akayaokota mbiombio, akayarudisha kwa kukisia tu.

Saa nne shangazi aliyakagua kwa lenzi, akakunja uso. Mawe yenye shaba, yale yanayometameta manjano, yalikuwa kwenye trei ya mita themanini ya shimo hili jipya. Katika shimo la kwanza, upande wa magharibi, yalipatikana mita tisini. Basi tabaka la shaba lilikuwa linapanda kuelekea mashariki. Akamwambia fundi mchorongaji kwamba shimo la mwisho litobolewe huko, ng'ambo ya kijito. Fundi akakumbusha kuwa likitoka tupu, utafutaji utafungwa na kila mtu atarudi kwao. Kisha akaenda kufunga mashine kwenye trekta.

Chiriku aliinamia brashi yake. Shangazi akamuuliza kama anaumwa, maana hajasikia hata neno lake. Nje, trekta likawashwa.

"Shangazi, usiwaache waondoke," alisema. "Mawe niliyaangusha mimi. Nimeyapanga ovyo."

Shangazi alitoka mbio, akasimama mbele ya trekta, mikono juu.

Aliporudi, uso wake ulikuwa mkavu. "Jiwe likivunjika, ncha zake zinajuana," alisema. "Kaa chini. Tafuta kila ncha na mwenzake."

Walianzia trei ya rundo la jirani, ambayo haikuanguka, wakijaribu ncha moja baada ya nyingine. Magoti ya Chiriku yaliuma, vidole vikachubuka. Mara mbili walikosea, wakaanza upya. Ilipotimu saa kumi, mawe yote yalikuwa yamekamatana. Shaba ilikuwa mita mia moja, si themanini! Tabaka lilishuka kuelekea mashariki. Ng'ambo ya kijito lingekuwa chini mno, mashine isingelifikia. Wakaipeleka magharibi.

Siku ya nne, fundi aliingia bandani na jiwe lililolowa, limejaa manjano. Alimwekea Chiriku mkononi, akacheka.

Shangazi aliketi karibu naye. "Mwanangu, ulikosea mara mbili," alisema. "Kuangusha trei tulikurekebisha kwa siku moja. Kuficha kungetupeleka mahali patupu, na tusingejua kamwe kwa nini. Ukiharibu, sema kungali mapema. Aibu ya kusema ni ya muda mfupi; hasara ya kunyamaza huwaangukia wengi."