Boti Ilikuwa Nyuma, Wivu Ulikuwa Mbele

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na nyumbani ni Ipogolo, Iringa, pale chini barabarani ambapo malori yanapita mpaka siku yakinyamaza unashtuka. Shuleni kila darasa lina yule mmoja... kwetu ni mimi. Mwalimu wa nidhamu akisikia kicheko nyuma, haulizi ni nani, ananiita jina moja kwa moja. Kwa hiyo ndugu wasomaji, mkiniona hapa nalia, msidhani natania. Natamani ningekuwa natania!

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Utoto wangu wote nilimjua kwa honi kuliko kwa sura. Kisha ajali ikamvunja goti la kushoto, mguu ukabaki umenyooka kama mwiko, na klachi akaagana nayo. Ndiyo maana alinunua pikapu ya auto, gari ambayo mguu wa kushoto hauna kazi. Vijana wa kijiweni walimcheka, eti auto ni gari ya mama mkurugenzi. Mimi nilicheka nao, kisha nikirudi nyumbani namwambia, "Baba, chuma chako ni moto!" Ndivyo nilivyo.

Baadaye akanunua boti ya faiba, mkweche wa kutoka bwawa la Mtera. Mpango ulikuwa tuikarabati, tuivute kwa pikapu hadi Matema, Ziwa Nyasa, ikabebe abiria. Nani aliipiga msasa? Mimi! Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu. Nilijikuna mpaka kanisani, mama mmoja akadhani nimeshukiwa na Roho.

Lakini nilivumilia, maana baba aliniahidi. "Kevo, likizo ya Desemba tunakaa Matema, mimi na wewe tu." Mimi na wewe tu! Nyie ambao baba zenu wanarudi kila jioni wakiuliza remoti iko wapi, mtaelewaje neno hilo?

Basi... ndipo akaja Meshaki.

Meshaki ni mtoto ambaye baba alimpata kabla hajamuoa mama. Alilelewa Ubaruku kwa mama yake, Msukuma wa familia iliyohamia Usangu na ng'ombe zao. Ana miaka ishirini na kitu, ana leseni, anaendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga. Alishuka kwenye basi na gunia la mchele begani, akapiga "shikamoo baba" moja ndefu mpaka majirani wakaitikia.

Mama alijua habari zake tangu zamani, akachinja kuku. Na firigisi, jamani... firigisi ambayo nyumbani kwetu ni ya baba peke yake, ambayo mimi nimeilinda kwa macho miaka yote nikisubiri siku yangu... baba aliichukua kutoka sahani yake akamwekea Meshaki! Mbele yangu! Nilisema nimeshiba nikaenda kukaa kwenye boti.

Kuanzia siku ile baba alimtazama Meshaki kama mtu anavyotazama simu mpya. Akawa anamfundisha pikapu, tela la boti likiwa nyuma. Akamweleza kwamba ukivuta mzigo mlimani usiiachie D ikuchagulie gia, shusha kwenye 2, na ukiteremka vilevile, injini ikushikie. Na mguu wa kushoto uufiche kabisa, usiguse kitu. Meshaki alirudia kila neno kama mtoto wa kipaimara. Mimi nilikuwa upande wa pili wa boti nikijifanya nachati. Nilisikia sauti, sikutaka kusikia maneno. Auto nayo inafundishwa? Si unakaa tu, inakupeleka?

Safari ikafika. Kabini ya pikapu ile ina viti viwili, na mguu wa baba peke yake unataka nafasi ya abiria mzima. Meshaki akashika usukani. Mimi nikatupwa nyuma, juu ya magodoro, na kazi nikapewa: nitazame boti, mkanda ukilegea nigonge bodi wasimame.

Hebu nioneni. Nikigeukia nyuma, naona boti niliyoipiga msasa mpaka ngozi ikanitoka. Nikigeukia mbele, kupitia kioo, namwona baba anamenya karanga anamtilia Meshaki mkononi. Anamenya yeye mwenyewe! Mimi hata chungwa sijawahi kumenyewa!

Mafinga watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Nuhu! Nuhu! Wanyama wako wapi?" Nikawajibu, "Wamekaa mbele!" Walicheka. Mimi sikucheka.

Makambako kuna baridi ya kukata masikio. Meshaki alishuka akaniletea hindi la kuchoma na koti lake. "Vaa, mdogo wangu, utaganda." Nilikataa vyote viwili. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini wivu ulikuwa umeshakaa kwenye kiti cha njaa.

Tulipopita Igawa, kwenye matuta, niliona mkanda mmoja wa boti umelegea unapigapiga upepo. Niliuona vizuri kabisa. Nikainua mkono nigonge... nikatazama kioo. Baba alikuwa ameweka mkono begani kwa Meshaki, wanacheka. Nikashusha mkono. Nikasema moyoni, acha tu, si ana baba yake, ataona mwenyewe.

Kwa nini sikugonga? Kwa nini!

Tulisimama Igurusi gari ipoe kabla ya kupanda milima ya kuelekea Mbeya. Tulipaki pembeni, pua ya gari ikitazama chini ya mteremko mdogo. Baba aliingia hotelini kunywa chai. Meshaki akaja akanipa funguo. "Kevo, kaa mbele upate joto. Washa na redio. Nakuletea chapati."

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nilikaa kwenye kile kiti. Kilikuwa bado cha moto. Nikawaza, ngoja niisogeze mpaka mlangoni kwa hoteli, baba atoke anikute mimi ndiye nimeshika usukani. Kuendesha nilijua, pikapu kuukuu ya mjomba, uwanja wa mpira, gia za kukwangua. Nikawasha, nikavuta kile kirungu cha gia nikaweka D.

Gari ikaanza kutembea yenyewe! Sijakanyaga kitu! Nikataharuki, nikapapasa kwa mguu, nikakanyaga mafuta, ikaruka. Hapo akili ya manyuo, gari za klachi nilizozoea, ikanituma: kanyaga klachi! Mguu wa kushoto ukashuka kwa nguvu zote... kwenye breki.

Pikapu ilisimama kama imegonga ukuta. Boti haikusimama. Ule mkanda uliolegea ukaiachia, ikateleza mbele juu ya tela, na pua yake ikajibamiza kwenye nguzo ya chuma ya mbele ya tela. Nikasikia mlio wa faiba ikipasuka. Halafu nikasikia mlio mwingine, wa mtu.

Meshaki alikuwa ameiona boti inaanza kuteleza, akaidaka. Mtu wa kusukuma power tiller, trekta la mkono, kwenye matope, alidhani na boti itamsikiliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa kati ya boti na nguzo. Chapati ilikuwa chini.

Nilishuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu, lakini alinikazia macho akasema huku ameuma meno, "Toka hapo! Panda nyuma kwenye magodoro. Haraka!" Nikapanda. Watu wakaja wakainyanyua boti, baba naye akafika akichechemea, anauliza nani kawasha gari.

Meshaki akajibu, "Mimi, baba. Nilitaka kuisogeza."

Baba aliitazama boti, akautazama ule mkono. Akasema, "Nilikuamini mapema mno."

Wasomaji wenzangu, sikilizeni ubaya wa moyo wangu. Ndugu yangu anavuja damu kwa ajili yangu, na mimi pale juu ya magodoro, kwa sekunde moja... nilifurahi! Nilifurahi kusikia baba akisema vile!

Mbeya, hospitalini, walimkata vidole viwili. Boti tuliiacha Uyole uani kwa mtu. Meshaki alitoka na bendeji, akaaga kwa heshima, akapanda basi lake kurudi Ubaruku, msimu wa kupandikiza mpunga ndio umeanza, kazi ambayo yote ni vidole. Mimi na baba tukarudi kwenye pikapu. Mimi na yeye tu, kama nilivyotaka! Nilijaribu utani mmoja, ukafia mdomoni.

Tulipofika njia panda ya kwenda Ubaruku nikashindwa. Nikamwambia yote, mkanda, funguo, klachi. Baba alisimamisha gari pembeni akaweka P. Hakunipiga. Jamani, ningepigwa ningeshukuru! Aliuliza tu, "Meshaki alijua ni wewe?" Nikasema alijua. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akakata kona.

Tulimkuta Meshaki amekaa nje, mama yake anamlisha ugali kwa kummegea. Nilipiga magoti mbele yao nikasema yote. Mama yake aliacha tonge kwenye bakuli akaingia ndani. Baba akamwomba Meshaki arudi nyumbani Iringa.

Alimjibu kwa upole, "Hapana, baba. Mimi nilikuja kukuona, sikuja kumnyang'anya mtu. Na wewe ulivyoambiwa uongo mmoja tu, ukauamini upesi." Kisha akanigeukia. "Kevo, ningekulipia kwa vidole kumi kama ungegonga ile bodi ukaniita kaka mara moja. Nenda, mdogo wangu. Sina kinyongo. Nina maumivu tu."

Sasa baba anakwenda Ubaruku peke yake, Jumamosi. Simwombi anichukue. Darasani bado wananisubiri nichekeshe, na nachekesha, lakini nikisikia wanacheka najiuliza wanacheka na nani.

Mwenzangu unayesoma hii, kama kwenu amekuja ndugu wa nje ya ndoa, hajaja kukumaliza. Upendo wa baba siyo firigisi, kwamba akila mmoja imekwisha! Mimi nilidhani ni firigisi. Ukiona wivu unakuambia nyamaza, piga kelele. Gonga bodi, gonga kioo, gonga chochote. Muite kaka angali anaitika... wangu nampigia, inaita mpaka inakata.