Siku Dolphine Alipokikana Kiswahili

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Dolphine alifunga mlango wa chumba chao kule Nateete, akampelekea jirani ufunguo, akaanza safari ya kwenda shule peke yake. Mama yake, Aoko, alikuwa amekwisha kutoka. Alishona sare za wanafunzi katika karakana moja karibu na soko, na kazi ya pale haikungoja jua. Baba yake, Mzee Oduor, alikuwa Kisumu akitafuta kazi ambayo kila mwezi ilikuwa "karibu kupatikana". Basi Dolphine alikwepa bodaboda, akawapita watoto walioshikana mikono wawili wawili, akafika shuleni bila kusema neno hata moja.

Wapo watu wanaodai kwamba upweke ni ugonjwa wa wazee. Watu hao hawajawahi kuwa wageni katika darasa la tano. Mwaka mzima Dolphine alikunywa uji wa mapumziko akiwa amesimama kando ya ukuta wa jiko, akijifanya anapenda sana kusimama pale. Wenzake walizungumza Kiganda, naye hakukijua. Walimwita munnaggwanga, yaani mtu wa taifa jingine. Hawakulisema kwa ubaya kila mara, lakini neno lilimchoma vilevile. Alijifunza Kiganda polepole, kwa kusikiliza mazungumzo ambayo hakualikwa.

Kisha siku moja bahati ikamwangukia. Babra, msichana ambaye neno lake lilikuwa sheria pale uwanjani, alipungukiwa na mchezaji mmoja wa kwepena. Katika mchezo huo wawili hurushiana mpira, na aliye katikati huruka na kuinama ili asipigwe. Dolphine alikuwa mwepesi. Mtu anayevuka barabara za Nateete kila siku lazima awe mwepesi. Aliruka mpaka kengele ikalia kabla mpira haujamgusa, na Babra akacheka akasema, "Kesho uje tena." Tangu siku hiyo, kwa wiki tatu nzima, ukuta wa jiko haukumwona.

Ndipo alipokuja Benedicte.

Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu. Yeye na mama yake, Mama Emérence, walikuwa wamekimbia vita mashariki mwa Kongo. Alijua Kiswahili cha kwao na Kifaransa. Kiingereza alijua "good morning" tu, na aliisema salamu hiyo hata mchana. Darasa lilicheka, Benedicte akacheka pamoja nao kwa kuwa hakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichekwa.

Siku ya pili mwalimu wa darasa, Madamu Nalwoga, alisimama mbele akiwa na uso wa wasiwasi.

"Sikilizeni," alisema. "Mwenzenu huyu anaonekana anajua hesabu, lakini hawezi kusoma maswali yetu. Jumanne ijayo atafanya mtihani. Akishindwa, mwalimu mkuu atampeleka darasa la pili, akae na watoto wa miaka saba. Ninatafuta mtu wa kumsomea maswali kwa Kiswahili. Mimi mwenyewe sikijui. Nani anakijua?"

Babra akamnong'oneza jirani yake, "Kiswahili! Lugha ya askari na bannaggwanga." Wasichana wa kwepena wakaziba midomo wasicheke.

"Dolphine," Madamu akasema, "wewe si Mkenya? Unakijua?"

Kiswahili Dolphine alikijua tangu hajaota meno. Alisali kwa Kiswahili, aliota kwa Kiswahili, na akijikwaa kidole alilia kwa Kiswahili. Lakini aliuona ukuta wa jiko ukimngoja, na macho ya Babra yalikuwa yamemgeukia.

"Hapana, Madamu," alijibu. "Nyumbani tunazungumza Kijaluo na Kiingereza tu."

Madamu Nalwoga akamwamini. Kwa nini asimwamini? Dolphine hakuwa na sifa ya kusema uongo. Benedicte, ambaye alikuwa amelitambua neno "Kiswahili" katika maneno yote yale, alimfuata Dolphine mlangoni kengele ilipolia.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Uko Mukenya? Unasikia Kiswahili?"

Dolphine akatikisa kichwa na kuinua mabega, kama mtu asiyeelewa kitu. Kisha akakimbilia uwanjani. Siku hiyo alipigwa na mpira mara ya kwanza tu uliporushwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Dolphine alikuwa ameshiba kwa wiki tatu tu, na tayari alikuwa ameisahau njaa ya mwaka mzima.

Sasa, katika kanisa lao la Nateete kulikuwa na ibada ya Kiswahili kila Jumapili mchana, ya Wakenya, Wakongo na yeyote aliyependa. Mwalimu Nabangala, aliyewafundisha watoto, alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kila wiki alimpa mtoto mmoja amri moja ya Mungu. Mtoto aliishika kwa moyo, na Jumapili aliisema mbele ya watu wote, kisha akaeleza jinsi alivyoitimiza wiki ile. "Amri za Mungu si za kukaririwa kama kasuku," Mwalimu Nabangala alipenda kusema. "Tuambie umeifanya nini."

Wiki ile zamu ilikuwa ya Dolphine. Na amri aliyopewa, tangu Jumapili iliyopita kabla Benedicte hajatia mguu shuleni, ilikuwa ile ya kumpenda mgeni: kwamba mgeni anayeishi kwenu mumhesabu kuwa mwenzenu, mumpende kama mnavyojipenda, maana ninyi pia mlikuwa wageni Misri.

Alipopewa, Dolphine alinung'unika moyoni. Mimi mwenyewe ndiye mgeni, alifikiri, nitamkaribisha nani? Sasa alijua ni nani, na kila alipoirudia amri ile nyumbani alilisikia swali la Benedicte pale mlangoni. Jumamosi jioni mama yake aliacha kutia pindo akamtazama.

"Umeshaishika?"

"Ndiyo, Mama."

"Na utawaambia watu umefanya nini?"

"Nitawaambia... nimemsaidia mgeni mmoja shuleni."

"Vizuri, mwanangu," Aoko alisema, na uso wake uliochoka ukang'aa. Dolphine alijisikia vibaya sana. Alijituliza kwa wazo moja: hakuna mtu wa shuleni anayekuja kwenye ibada ya Kiswahili. Nani atajua?

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Dolphine iliishia kwenye benchi la tatu.

Jumapili alisimama mbele, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa. Aliisema amri yote bila kukwama, kwa Kiswahili safi kilichowafanya wazee watikise vichwa kwa furaha. Watu wakasema amina. Akavuta pumzi.

"Wiki hii," alianza, "shuleni kwetu alikuja mgeni kutoka Kongo. Anaitwa..."

Akaona kitambaa cha kichwa cha kitenge kwenye benchi la tatu. Chini ya kitambaa hicho kulikuwa na mama ambaye hakumjua, na kando ya mama huyo alikaa Benedicte, shingo ndefu imenyooka, akisikiliza. Alikuwa akielewa kila neno. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa mahali ambapo alielewa kila neno, na msemaji alikuwa Dolphine.

Mtu alikohoa. Mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa. Mwalimu Nabangala alimsogelea kidogo, akamwambia polepole, "Endelea, Dolphine. Ukafanya nini?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kukimbia. Lakini Benedicte alikuwa akimtazama bila hasira, akingoja kusikia kilichotokea, kana kwamba naye alikuwa hajui.

"Anaitwa Benedicte," Dolphine alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Alihitaji mtu wa kumsomea maswali kwa Kiswahili. Madamu akaniuliza. Nikasema sikijui. Na yeye mwenyewe akaniuliza, nikajifanya sisikii. Amri hii sikuitimiza. Nimeivunja."

Hakuna aliyesema amina. Dolphine alirudi kwenye kiti chake, na hatua zile kumi zilikuwa ndefu kuliko njia yote ya kwenda shule. Mama yake hakumtazama. Alikuwa ameinamia mikono yake.

Baada ya ibada, watu walipokuwa wakisalimiana nje, Dolphine alijilazimisha kumwendea Benedicte.

"Nisamehe," alisema.

"Mi nilizania kweli haujue," Benedicte alisema. "Nilimwambia mama: kuko mutoto mumoja Mukenya, luga yake ilipotea. Nilikusikilia huruma. Tulikuombea kila siku."

Mama Emérence akamwita, akaenda. Dolphine alibaki amesimama katikati ya watu waliokuwa wakicheka na kupeana mikono, na alikuwa hajawahi kuwa peke yake kama siku ile, hata kando ya ukuta wa jiko.

Njiani Aoko alitembea mbele mpaka walipofika karibu na nyumbani.

"Mama, umekasirika?"

"Nimeumia," Aoko alijibu. "Lakini umesema kweli mbele ya watu, na hilo si jambo dogo. Ila bado kazi haijaisha. Leo umekiri mbele ya watu wanaojua Kiswahili. Ulikanusha wapi?"

"Darasani."

"Basi na huko ukakiri."

Jumatatu asubuhi, kabla Madamu Nalwoga hajafungua daftari la majina, Dolphine alisimama. Alisema, kwa sauti iliyofika hadi nyuma, kwamba Kiswahili anakijua, tena sana, kwamba alidanganya kwa kuogopa kuchekwa, na kwamba yuko tayari kumsomea Benedicte maswali. Darasa likavuma kama mzinga. Babra alimwangalia, kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

Madamu Nalwoga aliondoa miwani. "Ulikosa, Dolphine, na nitakuadhibu kwa kosa la kunidanganya. Utafagia darasa wiki nzima. Lakini kesho utakaa na Benedicte."

Jumanne walikaa meza moja. Dolphine alisoma, Benedicte akasikiliza, akaandika. "Mkulima ana miche mia mbili na arobaini, ameipanda katika mistari kumi na miwili iliyo sawa..." Kabla hajamaliza, Benedicte alikuwa amekwisha kukokotoa. Katika maswali ishirini alipata kumi na tisa, na yale ya sehemu, ambayo yalilitesa darasa zima, aliyapata yote. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuitazama karatasi. Benedicte akabaki darasa la tano.

Lakini mapumziko yalipofika, timu ya kwepena ilikuwa imejaa. "Tumeshapata mtu," Babra alisema bila kumtazama. Benedicte naye alikuwa ameitwa ofisini kuandikishwa. Dolphine alikunywa uji wake pale jikoni, na ulikuwa umepoa.

Jioni alilia wazi mbele ya mama yake. "Nimesema kweli kanisani. Nimesema kweli darasani. Nimefanya Mungu alivyoagiza. Mbona basi bado niko peke yangu?"

Aoko aliiweka sindano mezani.

"Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu," alisema. "Mwezi wetu wa kwanza hapa, nilipita sokoni nikasikia mama mmoja anaulizia njia kwa Kijaluo. Alikuwa amepotea, amebeba mtoto mgongoni. Nikapita kama sijasikia. Niliogopa atataka kujua habari zetu, na habari zetu hazikuwa nzuri. Mpaka leo nasikia sauti yake. Nilidhani nimejikinga, kumbe nilijinyima dada."

Akamvuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Tunapomkana mgeni ili tusibaki peke yetu, upweke haupungui. Mnakuwa wapweke wawili badala ya mmoja. Na amri ile Mungu hakuitoa kwa wenyeji waliostarehe. Aliwapa watu waliokuwa wageni wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua inavyouma. Hakusema umpende mgeni ili upate rafiki. Alisema umpende. Ukitii, utii wako ni mzima hata kama siku hiyo hakuna aliyekushika mkono."

Dolphine alifuta uso. Hakujisikia mwenye furaha, lakini kitu kizito kilikuwa kimemtoka kifuani.

Nje, mtu akapiga hodi. Ilikuwa sauti ya Mama Emérence, ambaye Jumapili Aoko alikuwa amemwelekeza nyumba yao. Na nyuma ya sauti hiyo ilisikika nyingine, nyembamba, ikiuliza kwa Kiswahili cha Kongo kama ni hapa njo Dolphine anakaa.

Aoko alimtazama binti yake. Dolphine akainuka, akafungua mlango mpaka mwisho.

"Ni hapa," alisema. "Karibuni ndani."