Kitanda cha Sita

Chai ilimiminwa kwenye vikombe vitano, lakini Editha alipokwenda kuviosha vilikuwa sita, na cha sita kilikuwa bado cha moto.

Alidhani amehesabu vibaya, na kwa mtu aliyefundisha hesabu darasa la nne mpaka akastaafu, hilo ni kosa la aibu, na aibu hufichwa. Akakipangusa, akakirudisha kabatini, akafunga kabati kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ili kikombe hicho kieleweke, turudi nyuma kidogo, kabla ya hodi.

Walikuwa wamekaa sebuleni kwa Mwinshehe, Mtoni Kijichi, wakigombania madirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa ya meli. Meli ya kitalii ilitarajiwa kutia nanga Dar mwezi wa kumi na mbili, ipakie watu, iwapeleke Ushelisheli na Morisi, iwarudishe. Wao walikuwa na vyumba vitatu: cha Mwanabaraka, dada yake Mwinshehe, na mumewe Talha, cha Editha na mumewe Fransis, majirani wa ukuta kwa ukuta, na cha Mwinshehe na mkewe Zubeda.

Safari ilikuwa wazo la Zubeda. Katika maisha yake hakuwahi kupanda chombo kikubwa kuliko pantoni ya Kigamboni, na alitaka kujua watu wanaolala juu ya maji huamkaje. Alifariki mwezi wa tatu, kwa presha, vyumba vikiwa vimeshashikwa.

"Tunakwenda vilevile," Mwanabaraka alikuwa ameamua. "Na yeye tunakwenda naye. Labda bahari itamtoa huko aliko."

Huko aliko hakuna aliyepajua. Mwinshehe hakulia msibani, wala siku ya arobaini. Alikuwa fundi wa vitanda Keko, nusu ya Temeke imetungiwa mimba juu ya mbao zake, na baada ya mazishi alifanya jambo moja tu: alikitoa chumbani kile kitanda cha sita kwa sita, akajichongea kingine chembamba cha mtu mmoja, akawa analala juu yake kama ubao juu ya ubao. Ukimpa chakula anakula. Ukimsalimia anaitikia. Ukinyamaza, ananyamaza mpaka kesho.

"Sasa meza," alisema Talha, amevaa miwani, picha za meli amezitandaza mapajani. "Chakula cha jioni kina awamu mbili. Ya mapema na ya kuchelewa."

"Mapema," alisema Mwanabaraka. "Mie sitaki kula saa ambazo wachawi wanakula."

"Meza ya watu sita ipo, karibu na dirisha."

"Sie tuko watano," alisema Fransis.

Kimya kikapita. Fransis hakuwa mtu wa kuacha kimya kipite hivihivi. Yeye ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzaramo kama Mwinshehe ni mtani. Msibani alijifunga kanga ya Zubeda, akapita kwa waombolezaji akiwafokea kwamba wanamaliza pilau lake, mpaka watu wakacheka na machozi yanawatoka. Hiyo ni kazi ya mtani na aliifanya vizuri. Lakini utani wa msiba una mwisho wake, na mwisho wake ni pale matanga yanapoanuliwa. Fransis alijisahau.

"Yaani kitanda kizima kinakwenda mpaka Morisi na kurudi bila mtu?" Akainuka, akaufungua mlango, akaupigia kelele mtaa. "Jamani, kuna kitanda huku. Na mgane wake mtaratibu, hata hakoromi. Anayekitaka apige hodi."

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Saa hiyo, kwa watu wa pwani, hata mtoto mkorofi huitwa ndani.

"Hodi," ilisema sauti barazani.

Sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu anayemwekea mtoto kichwa kwenye mto. Mwinshehe hakuinua uso kutoka kwenye picha ya meli.

"Karibu," alisema.

Neno hilo hutoka vinywani mwetu kama pumzi, hatulipimi. Hakuna aliyeingia. Ila pazia lilitikisika, na harufu ikapita kati yao, udi kwanza, halafu chini ya udi kitu kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni la maji ya bahari. Talha alichungulia nje. Alimwona muuza chipsi akiwasha jiko lake, basi.

"Hamna mtu," alisema.

Fransis aliufunga mlango taratibu sana, kama anayefunga mlango wa mtu aliyelala. Ndipo Editha akakusanya vikombe.

*

Kilichofuata ni chumvi kuondoka.

Mwanabaraka alimpelekea mdogo wake mchuzi wa samaki kwenye hotpoti. Aliuonja kwake, ulikuwa umekolea. Alipoufungua kwa Mwinshehe akaonja tena, ulikuwa kama maji ya kuchemshia mayai. Akaenda jikoni kutafuta chumvi, akakuta kopo limejaa maji.

"Hauna chumvi huu," alisema.

"Unanifaa tu," alijibu Mwinshehe, akala wote, akapangusa sahani kwa kidole.

Mwanabaraka alikuwa nesi maisha yake yote, na nesi huanza na maelezo ya karibu. Alisema ni unyevu. Alisema ni yeye anazeeka ulimi. Alisema hivyo mpaka simu yake ilipolia, na aliyepiga ni Herieth, binti wa ofisi ya safari ya Kinondoni iliyowashikia vyumba.

"Shikamoo mama. Nathibitisha tu yale mabadiliko ya chumba cha mzee."

"Marahaba. Mabadiliko gani, mwanangu?"

"Aliyoyaagiza mkewe. Nilipiga simu ya mzee, akapokea yeye. Kasema hawataki kupangwa pamoja nanyi huko juu. Anataka chumba cha chini kabisa, kisicho na dirisha. Anasema anapenda kusikia maji yanavyogonga."

Mwanabaraka alikaa. Hakuwa karibu na kiti, alikaa sakafuni.

"Na chakula?" aliuliza.

"Ile meza ya watu sita kaikataa. Wanakula wawili, peke yao, awamu ya kuchelewa. Na chakula chao kisitiwe chumvi." Herieth akasita. "Ana sauti nzuri huyo mama, hata nilisahau kumwuliza jina."

*

Mwanabaraka alifika Kijichi jua linazama, na umeme umekatika. Mlango wa Mwinshehe ulikuwa wazi. Alimkuta mdogo wake amekaa mezani na sahani mbili mbele yake, moja ameimaliza, ya pili imejaa wali mweupe uliotandazwa vizuri kama kitanda kilichotandikwa, na kiti cha upande wa pili kimevutwa nyuma kidogo tu, kiasi cha mtu kupitisha magoti, na kutoka chumbani ikaja sauti ya kanga mbichi ikiburuzwa juu ya saruji, ikija, ikisimama, ikija tena, mpaka harufu ya udi ikawa nzito kooni na ile harufu ya chini yake ikaupita udi, na Mwanabaraka, ambaye alishawahi kuosha maiti za ajali kwa mikono yake, akahisi nywele za shingo zinasimama moja moja, na kile kiti mbele ya macho yake kikalia kwa uzito wa kitu kilichokikalia, naye hakuweza kusogea wala kusoma aya hata moja kati ya zile alizozijua tangu madrasa.

"Mwinshehe," alinong'ona. "Toka nje, mdogo wangu."

"Kaa, dada. Tunakula."

"Huyo si Zubeda. Zubeda alikuwa anakula mpaka embe bichi kwa chumvi."

"Najua," alisema Mwinshehe. "Kwani nani kasema ni Zubeda?"

"Sasa ni nani?"

"Sijamuuliza." Alisema bila hofu na bila furaha, kama mtu anayekutajia bei ya mbao za mninga. "Tangu mwezi wa tatu kuna kitu kinabisha hapa kifuani, dada. Usiku na mchana, kinataka kuingia. Yeye akiwepo hakibishi."

"Na mkishafika huko baharini?"

"Huko ndiko kwao. Kasema kwenda tunakwenda wawili." Akafikiri kidogo. "Kurudi hajapanga."

*

Bi Mwanakombo wa Tandika alikuwa akikaanga maandazi asubuhi na kutoa majini mchana, kwa mikono ileile. Alimsikiliza Mwanabaraka huku anakanda unga.

"Mie siwezi kumfukuza," alisema. "Huyo hakuvamia. Kabisha hodi, kakaribishwa. Mgeni hafukuzwi na jirani, anafukuzwa na mwenye nyumba. Mwiteni mwenye nyumba, na mje na samaki."

Wakakutana wote alasiri, jua bado kali, madirisha yote wazi. Viti sita, vitano vyao, cha sita kitupu. Bi Mwanakombo aliwapikia changu kwa mkono wake, akatia chumvi ya mawe konzi nzima, akamwambia kila mtu aweke mkono wake juu ya chakula mpaka kifike mdomoni, chumvi isije ikaondoka njiani. Fransis alikuwa amekunja mikono kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mwambie," Bi Mwanakombo alimwambia Mwinshehe.

Mwinshehe alikitazama kiti cha sita, na wote wakakitazama, na hakuna kilichokuwepo ila mbao za kiti zilikuwa zinalowa, polepole, kuanzia kwenye kalio kwenda miguuni, matone yakaanza kuanguka sakafuni, tone, halafu tone, na kwa sauti ileile ya kumbembeleza mtoto kitu kikamwita Mwinshehe kwa jina ambalo aliitwa chumbani tu, na mtu mmoja tu ndiye aliyelijua, naye yuko kaburini.

Editha alishika rozari yake. Mwanabaraka alishika mkono wa mdogo wake, ukawa wa baridi kama bomba.

"Kula kwanza," alisema Bi Mwanakombo.

Akala. Taya zikasimama. Chumvi ilikuwa imemfika.

"Mgeni," alisema Mwinshehe, na sauti ikamvunjika katikati, "safari njema."

Kiti kikarudi nyuma, kikaanguka. Pazia likanyanyuka mpaka darini. Kisha nyumba ikawa nyumba, muuza chipsi akasikika akikatakata viazi, na Mwinshehe akaweka uso mezani, kando ya mifupa ya changu, akalia mpaka akataka kutapika.

"Lia," alisema Mwanabaraka, anamfuta kwa ushungi wake. "Ndiyo, lia, baba. Umerudi."

"Mtani," alisema Fransis, naye amelowa uso. "Nisamehe. Mdomo huu sijui niupeleke wapi."

"Upeleke Tabora," alisema Mwinshehe kati ya kwikwi.

Wakacheka wote. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba. Bi Mwanakombo akamwaga chumvi kizingitini, mstari mnene mweupe, akasema usifagiliwe mpaka meli iwe imekwenda na kurudi, akachukua samaki waliobaki, akaenda zake.

*

Wenzake walikwenda makwao wamefurahi, na walikuwa na haki. Lakini walikwenda makwao, na kile kilichokuwa kikibisha kikabaki na Mwinshehe, kimeshaingia.

Kilikuwa kila mahali. Kilikuwa kwenye kitana chenye nywele tatu za Zubeda. Kilikuwa Keko, kwenye randa, alipokuwa anatengeneza kitanda cha maharusi akajikuta amesimama na chombo mkononi na mafundi wenzake wamegeuza nyuso ili asione kwamba wanamwona. Chai ilikuwa na Zubeda ndani yake. Mchuzi wa dada yake, uliokolea vizuri sasa, ulikuwa na Zubeda ndani yake, na kila tonge lilishuka kama mwiba. Alimsikia akicheka pantonini. Hakujua kwamba mtu anaweza kuumwa hivyo na bado akaombwa nauli.

"Itapungua," Mwanabaraka alimwambia kwenye simu.

"Lini?"

Mwanabaraka, ambaye hakuzoea kuwadanganya wagonjwa, alisema atamletea mchuzi mwingine.

Akauleta, akaondoka kuwahi sala. Mwinshehe alibaki na hotpoti mezani na mlango wazi. Simu ikalia.

"Shikamoo baba," alisema Herieth. "Nimeshawarudisha, kama dada yako alivyoniagiza. Chumba chako kiko juu, katikati ya wenzio, chenye dirisha. Meza ya watu sita, awamu ya mapema. Chakula cha kawaida."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu."

"Limebaki moja. Chumba kina vitanda viwili. Viwe mbalimbali, au viunganishwe?"

Mwinshehe aliutazama ule mstari mweupe kizingitini. Muadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, anajiandaa. Zubeda hakuruhusu ufagio ushikwe saa hizi. Alisema unafagia riziki. Mwinshehe alimkumbuka akilisema hilo, mkono kiunoni, kidevu kimeinuka, na kumbukumbu ikamchoma kutoka koo mpaka kitovuni, akasimama hapohapo akisubiri ipite, haikupita.

Akachukua ufagio.

"Baba, uko hewani?"

"Nipo."

Chumvi ilifagilika kirahisi. Ilimwagikia barazani, ikawa nyeupe kidogo, halafu ikawa maji.

Adhana ikaanza.

"Hodi," ilisema sauti.

"Una wageni, baba? Nipige kesho?"

"Hapana," alisema Mwinshehe. "Karibu."

Pazia likatikisika. Udi ukapita, na ile harufu nyingine chini yake. Kifuani kwake pakanyamaza, kama jenereta la jirani linapozimwa na ndipo unajua lilikuwa linapiga kelele kiasi gani.

"Viunganishwe," alimwambia Herieth.

Akaweka simu chini. Akafungua hotpoti ya dada yake, akachovya kidole, akaonja. Haukuwa na ladha yoyote. Akatoa sahani mbili, akakivuta nyuma kidogo kiti cha pili, akala.