Jibu la Posa Lilikuwa Neno Moja

"Tichar, hili neno maana yake nini?"

Lujain, mwanafunzi mpya wa tuisheni ya Kiingereza pale Kibamba, alimsogezea mwalimu wake simu. Tunu akasoma: "I am spellbound by your eyes, habibti."

Moyo ukampiga paa. Sentensi hiyo aliitunga yeye, akamfundisha mchumba wake, Suhaib. Na keshokutwa wazee wa Suhaib walikuwa wanakuja kuchukua jibu la posa.

"Kakuandikia nani?"

"Mchumba wangu Suhaib, mwenye duka la manukato."

"Mpigie, weka spika. Akueleze maana na matumizi."

Simu ikapokelewa upesi.

"Habibti."

"Eti spellbound ndiyo nini?"

"Kupagawa na mtu mpaka ugali unaungua jikoni, na wewe harufu huisikii."

Mfano wa ugali nao ulikuwa wa Tunu. Alimpa siku ileile aliyomwambia anampenda.

"Umejifunzia wapi Kiingereza hiki?"

"Kuna mwalimu mmoja huko Kibamba. Mie namvumilia tu mpaka kozi iishe."

Lujain alipokata simu, Tunu akamwonyesha ujumbe aliotumiwa yeye mwezi uliopita. Maneno yaleyale, hata habibti haikubadilishwa.

"Mie kaniambia posa yangu inakuja baada ya Idi," Lujain akasema, machozi yakimlenga. "Tichar, tumchambe sasa hivi."

"Hapana. Jumamosi njoo nyumbani, utanisaidia kupeleka kahawa."

Hasira ya Tunu ilikuwa imeshapoa, na ilipopoa ndipo ikawa mbaya.

Jumamosi sebule ikajaa. Suhaib naye alijileta, ingawa mila haimtaki awepo, akakaa na kanzu yake iliyonyooka kando ya mjomba wake, Mzee Awadh. Baba yake Tunu akakabidhi barua ya jibu. Mzee Awadh akaifungua, akaona ujumbe wa Suhaib kwa wanawake wawili umechapwa sambamba, na chini yake neno moja: Spellbound.

"Mbona jibu lenyewe la Kizungu?"

Tunu akatoka chumbani.

"Shikamoo, mjomba. Muulize Suhaib. Maana anaijua, na matumizi anayajua zaidi."

Pazia likafunguka. Lujain akaingia na birika, akawamiminia wazee mmoja mmoja, akamruka Suhaib.

"Wewe kahawa ya nini?" akamuuliza taratibu. "Ugali wako unaungua."

Mzee Awadh akaomba radhi, akavaa makubazi, akaondoka bila kumngoja mpwa wake. Tunu alikuja kulia wiki nzima, lakini siku ile alikunywa vikombe viwili.