Mwalimu Marijani Aumwa Ulaya

Nyumbani kwa Mwalimu Marijani, Buguruni, mgeni hakubali chakula anapokaribishwa mara ya kwanza. Husema, "Nimeshiba." Mwenyeji humshika mkono na kumwambia, "Sogea, bwana, japo tonge moja." Hapo ndipo mgeni hunawa. Ni adabu nzuri, nami mwenyewe nimekulia humo.

Mwaka 1955 Mwalimu Marijani alichaguliwa kwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja. Mkewe, Somoe, alimsindikiza mpaka kiwanja cha ndege, njia ya Pugu.

"Nenda salama, baba Mwajabu," alisema. "Uvae fulana nzito. Tunaambiwa huko baridi haina mchezo."

Ndege ikapaa. Marijani aliona minazi ya Kiwalani ikiwa midogo, kisha ikapotea. Masikio yakaziba. Baada ya muda mhudumu wa ndege, binti wa Kizungu, akamletea sinia la chakula.

"Nimeshiba, asante," alisema Marijani.

Yule binti akatabasamu, akaenda zake na sinia lake. Marijani akangoja arudi kumbembeleza. Akangoja mpaka Nairobi. Maskini Mwalimu! Baadaye akaletewa blanketi, nalo akalikataa kwa adabu. Walipofika Khartoum ndipo alipokubali kikombe cha chai. Alishuka London siku ya pili, njaa inamuuma na baridi imemwingia mifupani.

London ilimshangaza. Jua lilikuwapo, lakini halikuwa na joto. Nyumba zilishikana, kila moja na moshi wake juu. Alimwona Mzungu akifagia barabara. Akasimama kumtazama mpaka yule mtu akamwuliza kama amepotea njia. Watu wengi walipita karibu yake na hakuna aliyemwamkia. Alijisikia mpweke sana.

Siku ya sita alianza kutetemeka. Kichwa kilimgonga. Mama mwenye nyumba alimopanga alimwuliza, "Hujambo, Bwana?"

"Sijambo, asante," akajibu.

Chuoni nesi alimwuliza, "Unajionaje leo?"

"Vizuri tu. Labda mafua kidogo."

Nesi akampa dawa ya mafua. Angempa nini tena? Siku mbili baadaye Marijani hakuweza hata kushuka ngazi.

Katika nyumba ile alikaa pia Felicitas, binti wa Bukoba aliyekuwa akisomea unesi. Aliposikia Mtanganyika mwenzake hatoki chumbani, alikwenda kumgongea mlango.

"Habari, kaka?"

"Nzuri, dada."

"Nzuri gani, na kitanda kizima kinatikisika? Sema kweli. Unasikia nini?"

"Mie naona haya, dada. Nimefika juzi tu ugenini, nianze kulalamika?"

"Nisikilize, kaka. Nyumbani ukisema huumwi, mama atakushika kipaji cha uso. Jirani atakuchungulia. Watakupeleka hospitali utake usitake. Huku hakuna wa kukulazimisha. Ukisema huumwi, wanakuamini. Kutetemeka huku kwako naona ni malaria, na daktari wa huku haoni malaria kila siku. Usipomwambia umetoka wapi, atatibu mafua, na malaria itapanda kichwani. Watu wamekufa hivyo."

"Lakini huku sijaona mbu hata mmoja."

"Mbu aliyekuuma yuko Buguruni. Vijidudu vyake umesafiri navyo ndani ya damu. Homa yaweza kutokea siku nyingi baada ya kuumwa."

Sasa Marijani aliogopa. Alimfikiria mwanawe Mwajabu, aliyekuwa na miaka mitatu tu. Hakutaka kufa mbali naye kwa sababu ya haya.

Felicitas akaita gari, wakaenda hospitali. Daktari akauliza, "Unajionaje?"

Jibu la siku zote lilimjia Marijani mdomoni. Akalimeza.

"Naumwa, daktari," alisema. "Naumwa sana. Natetemeka, kichwa kinapasuka. Nimetoka Tanganyika juma lililopita. Kwetu kuna malaria. Tafadhali nipime damu."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Wakamtoboa kidole, wakaitazama damu yake kwa hadubini. Vijidudu vya malaria vilijaa. Alipewa dawa yake saa ile ile. Siku ya nne homa ikashuka, naye akaweza kuketi.

Akaomba karatasi amwandikie mkewe. Alianza kama barua zetu zote zinavyoanza: "Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya." Kalamu ikasita. Akaukata mstari ule, akaandika upya: "Mke wangu, nimelazwa hospitali. Nilikuwa mgonjwa nikaficha, nusura nife. Niliposema, nikatibiwa. Sasa napona."

Jibu la Somoe lilifika baada ya majuma matatu. Nalo halikuwa na "mimi ni mzima".

"Mume wangu," aliandika, "nami nilikuficha. Nakohoa tangu kabla hujaondoka. Niliogopa kwamba ukijua hutapanda ndege. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwacha Mwajabu kwa jirani, nikaenda hospitali. Nimemwambia daktari yote, hata damu niliyotema. Ni kifua kikuu. Nimeanza kuchomwa sindano. Nilimwuliza daktari kama nitapona. Amesema nimewahi."