Mfupa wa Mama Unaota

Cherehani ya mama iko dirishani. Asubuhi jua huingia taratibu, vumbi la vitambaa huelea, na mama hushona kama yuko usingizini. Mteja akitania, mama hucheka huku mkono umeziba mdomo. Jino lake la mbele liling'oka binti yake akiwa bado tumboni. Tangu azaliwe, binti hakuwahi kuuona uso wa mama yake ukicheka wote. Hilo lilimuuma mama kuliko pengo lenyewe.

Akaenda kwa daktari wa meno. "Nataka jino," akasema.

Daktari akatazama picha ya taya. "Tutapandikiza, mama. Jino litakaa juu ya skrubu ndogo ndani ya mfupa. Shida ni moja. Jino likitoka, mfupa hukonda. Wako ni mwembamba, skrubu haitashika."

"Basi imekula kwangu?"

"Hapana! Tutaweka unga wa mfupa, tuufunike kwa utando laini, tushone fizi. Kisha tutasubiri miezi, mfupa uote."

"Uote nini, daktari? Ndoto?"

"Uote kama nyasi, mama!"

Wakacheka. Unga ukawekwa, fizi ikashonwa. Siku zile za kusubiri mama alisinzia cherehanini, akaota mfupa wake unaota.

Lakini fundi ni fundi. Asubuhi moja aliona kwenye kioo uzi unaning'inia kwenye fizi. Fundi gani huacha uzi uning'inie? Akauvuta. Fizi ikafunguka, damu ikajaa mdomoni.

"Mama yangu! Nimejiharibia!"

Akarudi kwa daktari analia.

"Fundi, mshono huu ni wangu," daktari akasema. "Wewe ungekubali mteja akufumulie kazi?" Akasafisha, akashona upya. "Una bahati, utando haujatoka. Uzi wangu usiuguse. Wa cherehani usiukate kwa meno. Sigara usivute. Meno mengine yapige mswaki. Hapa sukutua kwa dawa tu. Ukiona damu, uvimbe au usaha, njoo mara moja."

Safari hii mama alisikia. Mkasi akauning'iniza shingoni. Miezi ikapita polepole. Picha mpya ikaonyesha mfupa umenenepa. Skrubu ikawekwa, ikaachwa ishikane na mfupa, ndipo jino likafungwa juu.

Mama aliporudi nyumbani, baba akasimama mlangoni. "Karibu, mgeni. Unamtafuta nani?"

Mama akaangua kicheko, safari hii bila kuziba mdomo. Binti akamkodolea macho, akajigusa shavu.

"Mama! Kumbe hiki kishimo cha shavuni nimekitoa kwako!"